Kamera ikiwa chini, je, ni lazima mhusika aonekane mwenye nguvu?

Mwanagenzi_Tanga

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninajifunza kutengeneza filamu fupi, na kwa sasa ninaandaa moja inayohusu kaka na dada wanaogombania nyumba aliyoiacha marehemu baba yao. Onyesho lenye uzito kuliko yote linatokea sebuleni: mama yao ameketi kwenye kochi, hati ya nyumba iko mezani, na kila mmoja anaeleza kwa nini yeye ndiye mwenye haki zaidi.

Katika mafunzo niliyohudhuria tulipewa orodha ya kukariri. Kamera ikimtazama mhusika kutoka chini, ana nguvu. Ikimtazama kutoka juu, ni dhaifu. Picha ya karibu ni ya hisia, ya mbali ni ya upweke. Na picha ikififia hadi weusi, muda umepita. Nikilipanga onyesho langu kwa orodha hiyo, kamera italazimika kushuka kila dada anaposhinda hoja na kupanda kila anaposhindwa, jambo ambalo nahofia litamchosha mtazamaji kabla hata ugomvi haujakolea. Je, orodha hii ichukuliwe kama kanuni? Na ni mpito upi unaofaa kutoka sebuleni kwenda makaburini, ambako filamu inaishia?

Mhariri_wa_Usiku

Ndugu Mwanagenzi, orodha hiyo ina ukweli ndani yake, ila inakupa jibu kabla hujajua onyesho linauliza nini. Ukitaka kuipima, itazame Citizen Kane ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Orson Welles na kupigwa picha na Gregg Toland, kwa kuwa ndiyo filamu inayotajwa mara nyingi kila inapozungumziwa kamera ya chini.

Tafuta onyesho linalofuata baada ya Kane, mhusika mkuu, kushindwa uchaguzi wa ugavana. Karatasi za kampeni zimetapakaa sakafuni, watu wameshaondoka, na rafiki yake Leland anaingia akiwa amelewa, mwishowe anamwomba amhamishie Chicago. Kamera iko chini mno hapo, kiasi kwamba ilibidi sakafu ya studio itobolewe ili ipate pa kukaa. Sasa jiulize: ikiwa kamera ya chini maana yake ni nguvu, kwa nini itumike kwa msisitizo wa namna hiyo usiku ambao mtu huyu ameanguka? Tena Leland mwenyewe, mlevi anayeyumba, anatazamwa kutoka chini vilevile.

Jibu liko juu ya vichwa vyao. Seti nyingi za wakati ule, yaani vyumba vya kuigizia vilivyojengwa studioni, hazikuwa na dari, kwa sababu huko juu ndiko zilikofungwa taa na vipaza sauti. Hapa dari zilitengenezwa kwa kitambaa chepesi, vipaza sauti vikawekwa nyuma ya kitambaa hicho, na kamera ikaweza kutazama juu bila kufichua chochote. Kwa hiyo tunachokiona ni mtu mkubwa anayeijaza fremu, yaani eneo lote la picha, huku dari ikimkalia utosini. Ukubwa wake bado upo, lakini hauna pa kwenda. Maana hiyo haitokani na pembe ya kamera peke yake; inatokana na pembe, dari, sakafu iliyojaa takataka za kampeni, na yale tuliyokwisha kuyaona kabla, pale umati ulipokuwa ukimshangilia.

Mimi ningekushauri kamera isipande wala kushuka kwa kufuata hoja. Iache usawa wa macho kwa sehemu kubwa ya onyesho, kisha uchague mahali pamoja tu pa kuivunja desturi hiyo. Mtazamaji hawezi kuhisi badiliko ikiwa kila kitu kinabadilika.

Fundi_Lenzi

Ninaafikiana na Mhariri, na ningependa kuongeza upande wa upigaji picha wenyewe, kwa sababu sebule za kwetu ni ndogo na zina makochi mengi kuliko nafasi.

Kwanza, chora mstari wa kufikirika kati ya kaka na dada, uamue kamera itakaa upande upi, na usiuvuke ovyo. Ukikaa upande mmoja, kaka atatazama kulia na dada kushoto katika kila picha, nasi tutajua wanatazamana. Ukiuvuka bila sababu, ghafla wote wawili watatazama upande mmoja, na mtazamaji ataacha kusikiliza maneno ili atafute nani ameketi wapi. Kuuvuka kwa makusudi kunaruhusiwa, na kwa kweli kunaweza kuwa ndilo lile badiliko moja analolisema Mhariri: mama anaponyanyuka na kupita kati ya watoto wake, kamera imfuate hadi upande wa pili, na kuanzia hapo chumba kiwe kimegeuka.

Pili, angalia umbali na si pembe tu. Uso uliopigwa kwa lenzi pana (inayochukua eneo kubwa) kutoka karibu sana na uso uliopigwa kwa lenzi ndefu (inayovuta vya mbali) kutoka mbali unaweza kuijaza fremu kwa kiasi kilekile, lakini hazifanani hata kidogo. Wa kwanza unavimba puani na unatufanya tujisikie tumeingilia nafasi ya mtu. Wa pili unatulia, ukuta wa nyuma unasogea karibu yake, nasi tunakuwa kama tunamchungulia kwa mbali.

Tatu, na hili ndilo ninaloliona kubwa zaidi: usimwache mama nje ya fremu. Katika Citizen Kane hiyohiyo kuna onyesho la utotoni mwa Kane, ambapo mama anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mlezi tajiri. Kamera inaanza kwa mtoto anayecheza kwenye theluji, inarudi nyuma kupitia dirishani hadi mezani, na wakati watu wazima wanaamua maisha yake, mtoto bado anaonekana kule nje, mdogo kama kidole, katika fremu ya dirisha. Toland alihakikisha walio karibu na aliye mbali wote wanaonekana wazi, na ndiyo maana hapakuwa na haja ya kukata na kuhamia picha nyingine ili kumwonyesha mtoto. Tunasikia mazungumzo yanayomhusu huku tukimwona asiyejua lolote. Kwako wewe, ugomvi unaweza kuwa mbele na mama akawa nyuma katikati yao, kimya, akiwa wazi kama wao.

Pwani_Picha

Nawashukuru wachangiaji, lakini naomba kupinga kidogo. Filamu fupi za aina hii siku hizi hutazamwa kwenye simu, mara nyingi ndani ya daladala, kioo kikiwa na mwanga wa jua. Mtoto aliye mdogo kama kidole kwenye pazia la sinema, katika simu anakuwa nukta. Si heri Mwanagenzi akaribie nyuso tu, maana ndizo zinazoonekana?

Fundi_Lenzi

Hoja yako ina uzito, Pwani, na ni kweli kwamba ukubwa wa kioo unapaswa kufikiriwa kabla ya kupiga picha. Hata hivyo, filamu ambayo nyuso zote ziko karibu haina tena pa kukaribia. Suluhisho langu ni kumsogeza mama, si kumwondoa: awe hatua mbili tatu nyuma ya wanawe badala ya mwisho wa chumba, avae rangi isiyofanana na ukuta, na dirisha lisiwe nyuma yake ili uso usiwe kivuli. Hapo hata kwenye simu ataonekana.

Mwalimu_Montaji

Swali la mpito bado halijajibiwa, nami nitalishughulikia kwa kuwa ndilo linaloharibiwa zaidi na programu za kuhariri, zenye kurasa na kurasa za mipito ya kupindua, kuzungusha na kupasua picha. Karibu zote unaweza kuziacha.

Mfano bora ninaoufahamu ni wa Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, iliyoongozwa na David Lean na kuhaririwa na Anne V. Coates. Lawrence, mhusika mkuu, yuko ofisini Cairo, anashika njiti ya kiberiti inayowaka, anaipuliza, na papo hapo tunaona jangwa na upeo mwekundu kabla jua halijachomoza. Kwa mpango wa awali picha hizo mbili zilitakiwa kuyeyukiana taratibu. Katika nakala ya kazi, ile ya kuhariria, zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, na walipozitazama hivyo waliona mkato mkavu, yaani kuruka papo hapo kutoka picha moja hadi nyingine, una nguvu kuliko myeyuko. Coates aliupunguza kwa fremu mbili tu (hapa fremu ni picha mojamoja zinazounda filamu), na ndivyo ulivyobaki. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, fremu mbili ni sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde, lakini pumzi ya Lawrence inaonekana kana kwamba ndiyo iliyoliwasha jangwa.

Myeyuko ungetuambia kwamba muda umepita na safari imefanyika. Mkato umetuambia kitu kuhusu mtu huyu: kwake, kati ya kutaka na kuwapo hakuna nafasi. Kwa hiyo, ndugu Mwanagenzi, kabla ya kuchagua mpito uamue kwanza uhusiano wa sebule na makaburi. Je, ugomvi umewapeleka kaburini kupatana, au umewapeleka huko kwa mazishi mengine?

Mwanagenzi_Tanga

Ahsanteni sana. Mwalimu, hakuna mazishi mengine. Mama anaichukua hati mezani bila kusema neno na kuondoka. Tunamkuta kaburini kwa mumewe, peke yake, hati ikiwa mkononi.

Mwalimu_Montaji

Basi kiungo unacho tayari, nacho ni hati. Piga picha ya karibu ya mkono wake ukiifunga hati mezani, na picha ya kwanza ya makaburini iwe ya mkono uleule, kwa ukubwa uleule na mahali palepale ndani ya fremu, ukiifungua. Kata moja kwa moja. Sauti za watoto ziendelee kugombana kwa sekunde kadhaa juu ya picha ya makaburi kabla hujazikata, ili mama awe amefika lakini ugomvi bado uko naye. Picha ya mbali ije baada ya hapo, na usiiharakishe. Wakati wa kurekodi, kumbuka kuchukua dakika nzima ya sauti ya makaburini peke yake, upepo na ndege na chochote kilichopo, kwa sababu utaihitaji pindi sauti za watoto zitakapokatika, na kimya kitupu cha kompyuta hakifanani na kimya cha mahali.