Chembechembe za sumaku zenye kitosani na rangi za chakula kwenye majitaka

Mwanafunzi wa Kemia
Salaam wanajukwaa. Nimetengeneza chembechembe nano (ndogo mno) za magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, kwa kuchanganya chumvi za Fe²⁺ na Fe³⁺ kwa uwiano wa 1:2 ndani ya amonia, kisha nikazivika kitosani, polima (molekuli ya mnyororo mrefu) itokanayo na magamba ya kamba na kaa. Katika maji safi ya maabara yenye tartrazini (E102), rangi ya njano ya chakula, umanjano hutoweka na sumaku huzikusanya chembe zote ubavuni mwa bika. Nilipotumia majitaka ya karakana ya juisi, ambamo mitungi huoshwa kwa kostiki (alkali kali, hidroksidi ya sodiamu), rangi ilibaki karibu yote. Je, kasoro iko kwenye polima au kwenye maji?

Mkemia wa Maji
Ndugu, pima pH (kipimo cha uasidi: ikiwa chini, asidi ni nyingi) kabla ya kuilaumu polima. Tartrazini ikiyeyuka hubeba chaji hasi, kwa kuwa ina vikundi viwili vya sulfonati na kimoja cha kaboksilati, na kitosani huivuta kwa nguvu pale tu vikundi vyake vya amino vinapokuwa vimepokea protoni. pH ikifika takriban 6.5, karibu nusu ya vikundi hivyo huwa vimezipoteza protoni hizo. Kwenye maji yenye kostiki havibaki na chaji ya maana. Ishushe pH hadi 4 au 5, urudie jaribio. Sukari haina chaji, kwa hiyo siishuku sana, ila sulfati na kloridi hugombania nafasi zile zile na rangi, na sulfati, yenye chaji mbili, ndiyo mshindani mkali zaidi.

Fundi Polima
Nakubaliana na Mkemia, kwa sharti moja: kitosani huyeyuka katika asidi hafifu. Kama minyororo yake haikufungamanishwa kwa kemikali kama glutaraldehaidi au tripolifosfati, ganda litayeyuka na kuacha magnetiti tupu, ambayo nayo huanza kutoa chuma asidi inapozidi. Baada ya kuziondoa chembe kwa sumaku, pima chuma katika maji yaliyobaki. Zikigeuka kutoka nyeusi kuwa kahawia, usihofu: magnetiti imeoksidika kuwa maghemiti, oksidi nyingine ya chuma, ambayo bado hushikwa na sumaku.

Mama Maabara
Mwanangu, una hakika kilichobaki ni tartrazini? Juisi nyingi za rangi ya chungwa hutiwa pia E110, rangi nyingine ya chakula ya njano-chungwa. Tartrazini hufyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 427 na E110 karibu na 482, na mikunjo yao ya ufyonzaji huingiliana, hivyo kipimo cha urefu mmoja wa wimbi kitakudanganya. Soma spektra nzima. Ukizisafisha chembe kwa kostiki hafifu ili zitumike tena, rangi haitakuwa imeharibiwa, bali itakuwa imehamia kwenye ujazo mdogo wa maji yenye rangi nzito, nayo bado yanahitaji kutibiwa, kwa mfano kwa peroksidi ya hidrojeni na chumvi ya chuma katika pH ya karibu 3. Ukiyamwaga mtaroni, kazi ya sumaku itakuwa bure.