Bima ya Afya kwa Wote: ilipie kuziba jino, au iishie kung'oa?

Wakuu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mengi yamesemwa kuhusu figo, saratani na uzazi. Meno yanatajwa kwa nadra. Msimamo wangu nausema mapema: kuziba jino kuwe kwenye kifurushi cha chini kabisa, na huduma hiyo ipatikane kituo cha afya cha kata.

Wanaopinga husema mfuko wa bima hautahimili, na kwamba jino likiuma linang'olewa, maisha yanaendelea. Suala la fedha ni la kweli. Kaya ya watu 6 iliyolipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwenye CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa haiwezi kulipiwa kila kitu. Lakini jino lililotoboka likiachwa, uozo unafika kwenye mzizi, panatunga usaha, shavu linavimba, na mtu aliyekosa huduma ndogo analazwa kwa gharama ya mfuko uleule. Halafu kuna watoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Aking'olewa gego hilo akiwa darasa la tatu, halioti tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya bei nafuu ya kuziba jino ilianzia hapahapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, kisha wakaziba tundu. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani mwaka 1994. Mwaka 2021 likaingiza saruji ya glasi ionoma, ambayo ndiyo inayozibia, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kazi iliyobuniwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme tunaiitaje anasa ya watu wa mjini?

Jibu la "wananchi wenyewe wanataka kung'oa" silikubali. Wanachelewa kwa sababu wanaogopa bili, na wakifika wanachagua kile wanachokimudu.

Vipandikizi vya meno na kunyoosha meno viachwe nje, sina ubishi. Ila wenzetu wa Meru na miteremko ya Kilimanjaro waliopata meno ya kahawia kwa madini ya floridi yaliyomo kwenye maji ya kunywa, mimi siwezi kuwaambia shida yao ni urembo tu.

Matabibu wa meno mlioko vituo vya afya, tuelezeni: saruji mnaipata kutoka Bohari ya Dawa? Kinachokwamisha ni bei ambayo bima inawalipa, vifaa, au foleni? Na mnaopinga, mtaje huduma mnayoona inastahili kuingia kabla ya hii, na kwa nini.