Kijana wangu ana miaka 26, yuko nyumbani tangu amalize chuo. Nifanyeje kabla baba yake hajamtoa?

Mama wa Kibada

Habari za jioni wadau. Naandika kutoka Kigamboni, naomba ushauri wa waliopitia hili.

Mwanangu wa kwanza alimaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2022. Tangu hapo yuko nyumbani. Si mlevi, si mtu wa vijiweni, swala tano hazimpiti, na akinikuta na mzigo ananipokea. Angekuwa mkorofi ningejua pa kuanzia.

Shida ni kwamba maisha yake yamesimama. Akirudi msikitini alfajiri analala mpaka saa tano. Chai anaikuta mezani imefunikwa kawa, anakunywa, anashika simu. Jioni mpira. Nguo zake anafua mdogo wake wa kike aliye kidato cha tatu, na hilo linaniudhi kuliko yote. Maombi ya kazi anatuma, simsingizii. Ana akaunti Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, na mwaka jana aliitwa Dodoma kwenye usaili wa mchujo. Nilimpa nauli ya treni, 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, na hela ya kula. Hakupita. Tangu arudi amekuwa mzito zaidi. Ukimtajia kazi anakujibu, "Mama, nafasi zikitoka nitaomba," anaingia chumbani.

Nina duka la vyakula. Nilimwita asimame kaunta, akaja siku mbili tatu akaacha. Aliniambia waliosoma naye wakija kununua sukari wanamuuliza, "Bado upo hapa?"

Baba yake ni mstaafu, kiinua mgongo chote tulimalizia nyumba. Amesema Idi ikipita kijana atafute pa kuishi, awe na kazi asiwe nayo. Mimi naona kumtoa mtu asiye na shilingi ni kumsukumia kwa watu nisiowajua. Lakini pia sitaki afike miaka 30 bado ananiomba buku ya bando. Nisaidieni, hasa wazazi.

Babu Gongo la Mboto

Pole mama. Nimelea wanne, wawili walichelewa kutoka. Kilichosaidia kwangu ni kumpa kijana jukumu ambalo asipolitimiza nyumba nzima inajua. "Saidia saidia kazi" haitoshi, kila mtu anaikwepa.

Wa kwangu nilimpa umeme. Nilimkalisha baada ya chakula cha usiku, mama yake akiwepo, nikamwambia kuanzia mwezi ujao LUKU ya hapa ni yako, na hela ya mfukoni kwangu basi. Haikupita muda, saa mbili usiku giza. Dada zake wana mitihani, wanasoma kwa tochi ya simu. Mama yake alishika simu anunue, nikamwomba asinunue. Kijana akakaa kibarazani kimya, kisha akatoka, akarudi na tokeni aliyokopeshwa na rafiki yake. Ili alipe lile deni akaanza kushusha saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani. Baadaye mwenye duka akamkabidhi daftari la mauzo. Aliendelea kukaa kwangu muda mrefu tu baada ya hapo na sikumwona mzigo, maana alikuwa anachangia.

Lakini hili halifanyiki kama baba na mama mna kauli mbili. Zungumza na mzee kwanza, faraghani. Kuweka tarehe ni sawa kabisa, ila iwe tarehe ya kuanza kulipia kitu fulani. Mtoto anaweza kuitimiza hiyo. Ya kupata ajira haiko mikononi mwake.

Mwana wa Njombe

Mtoeni. Baba alinitoa nina miaka 20, leo nina kwangu na watoto wawili. Huruma ya mama ndiyo inayomlaza mpaka saa tano.

Dada Ugavi

Mwana wa Njombe, ulitoka na nini mkononi?

Mwana wa Njombe

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi VETA, umeme wa majumbani. Nilikuwa nafanya waya kwenye nyumba za watu.

Dada Ugavi

Basi ulitoka na kazi, kaka. Huyu hana.

Shikamoo mama. Mimi niko kwenye fani hiyohiyo ya mwanao. Swali la kwanza: amesajiliwa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi? Sheria inataka mtu wa ununuzi na ugavi awe amesajiliwa na bodi, na waajiri huuliza kama ameanza mitihani yake. Kama bado, hela unayotaka kumsaidia nayo ipeleke huko. La pili, ajiandikishe huduma za ajira za serikali, zilizojulikana kama TaESA, wanaunganisha wahitimu na nafasi za mafunzo kazini. Posho ni ndogo, lakini ataamka asubuhi, atavaa viatu, atajua stoo inavyopokea mzigo na leja inavyoandikwa. Kwenye usaili wa mahojiano hayo huulizwa, na aliyekaa chumbani miaka yote hana la kujibu.

La tatu ni duka lako. Mama, umempa kaunta wakati amesomea ununuzi! Mwachie manunuzi yote. Aende Tandika na Kariakoo, achukue bei ya mchele, unga, mafuta na sabuni kwa wauzaji watatu watatu, alinganishe, aulize usafiri, akuletee kwa maandishi. Unakubali, ananunua, anapokea mzigo, anaandika leja. Mwisho wa mwezi mnakaa na daftari: zamani gunia lilikufikia kwa bei gani na sasa kwa bei gani. Alichookoa, mgawane. Hiyo inakuwa hela aliyoipata kwa fani yake, na akiitwa Dodoma tena ana la kueleza.

Kijana Mbagala

Shikamoo mama. Nina miaka 28, mwaka huu ndiyo nimepanga chumba, kwa hiyo namwelewa mwanao. Kulala mpaka saa tano si uvivu wote. Ukiamka saa moja unaona kila mtu ana pa kwenda isipokuwa wewe, mtaani kila shikamoo inafuatwa na "vipi, umepata?" Unaona afadhali usiamke.

Mimi alininasua mjomba. Alinichukua kwenye stoo yake Tegeta, ambako hakuna aliyenijua. Mwanzo nilipewa nauli na chakula tu. Niliweza kubeba maboksi kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiangalia. Ndiyo maana naunga mkono wazo la dada: Tandika hakuna wa kumuuliza "bado upo hapa."

Ombi langu kwenu ni moja. Msimuulize habari za kazi kila siku. Mzee achague siku, hata Ijumaa baada ya swala, amuulize yeye mwenyewe, amsikilize mpaka mwisho. Baba yangu angefanya hivyo mara moja tu ningemweleza mengi.

Na nguo afue mwenyewe, kuanzia kesho. Binti ana kidato cha nne mbele yake.

Mama wa Kibada

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Jana usiku nilikaa na mzee. Amekubali kuacha habari ya kumtoa, ila anataka kijana alipie maji kuanzia Idi ikipita, na amesema atamwambia mwenyewe. Nimemuuliza mwanangu kuhusu bodi: hajasajiliwa, alikuwa anasubiri apate kazi kwanza. Leo asubuhi nimemkabidhi daftari la duka la mwaka huu. Amelikalia, ameniambia mafuta ya kula nimekuwa nikiyanunua kwa bei ya juu tangu Machi. Sijamsikia akizungumza kwa sauti ile siku nyingi.

Dada Ugavi, huo mgawo tuanze na kiasi gani? Duka ni dogo.

Dada Ugavi

Anzeni nusu kwa nusu, mama, kwa miezi mitatu, na muandikishane. Nauli ya kwenda sokoni iwe ya duka, isitoke kwenye nusu yake. Mafuta yawe mzigo wake wa kwanza.