Kompyuta gani kwa 4A-GZE, injini ya Toyota yenye supachaja?

Mwenye gari, Nakuru: Wadau, nang'oa kompyuta ya kiwandani. Puli ya supachaja (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) ni ndogo, nalenga farasi 200. Niweke kompyuta ya MegaSquirt, ya Link, au nibandike tu kile kifaa cha kudanganya sensa ya hewa?

Fundi, Kisumu: Hicho achana nacho. Ukiweka injekta kubwa kisha upunguze sinyali ya hewa, kompyuta hudhani mzigo ni mdogo, inawahisha moto wa plagi, injini inagonga. MegaSquirt ni nafuu ila utasuka waya mwenyewe. Kama huna subira, chukua Link. Yoyote ile, hakikisha ina nafasi ya kuwasha klachi ya sumaku ya supachaja, kupitia relei. Injekta 440cc zatosha. Sensa ya joto la hewa ikae baada ya intakula (kipoza hewa), si kabla.

Mtaalamu wa ramani (majedwali ya petroli na moto ndani ya kompyuta), Eldoret: Mnasahau mwinuko! Nakuru presha ya hewa ni takriban kPa 82. Supachaja huzidisha hewa kwa uwiano: 1.55 inakupa kPa 127 hapo, lakini Mombasa ni 157. Ukitune Nakuru pekee, visanduku vya presha ya juu vya ramani havijaguswa, na huko pwani ndiko pistoni hutoboka. Vijaze kwa petroli nyingi na moto uliochelewa, kisha weka kikomo cha presha.

Mwenye gari: AFR (uwiano wa hewa kwa petroli) ngapi supachaja ikisukuma?

Fundi, Kisumu: 11.5, kwa sensa ya wideband (ya kupima uwiano huo kwenye egzosi). Kwanza linganisha taiming ya kompyuta na ile inayoonyeshwa na taa ya taiming.