Django na PostgreSQL: mbona abiria wanahama kwenye orodha?

MwanaAmu: Asalaam alaykum wakubwa. Natengeneza programu ya kusajili abiria wa boti, Mokowe na Lamu, kwa jamaa yangu mmoja, natumia Django (zana ya Python ya kujengea programu za wavuti). Kwenye kompyuta yangu nilitumia hifadhidata ndogo ya SQLite na orodha ilitoka sawa, aliyeandikishwa kwanza yuko juu. Tulipohamia seva yenye hifadhidata ya PostgreSQL, karani akimwekea mtu alama ya "amelipa", jina linaondoka lilipo na kwenda chini kabisa. Gati imejaa, abiria anaapa amelipa, karani hamwoni, nahodha ashawasha mashine. Mimi naita `Abiria.objects.filter(safari=s)` tu. Nipange vipi? Na niandike `id` au `pk` (jina la Django la ufunguo msingi, yaani safu inayotambulisha kila rekodi)? Jedwali la boti ufunguo wake msingi ni namba ya usajili wa chombo.

FundiMalindi: Waalaykum salaam. Hakuna kilichoharibika. Pasipo ORDER BY (amri ya kupanga), SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, haikuahidi mpangilio wowote. PostgreSQL ukibadilisha rekodi haifuti na kuandika palepale. Inaandika nakala mpya penye nafasi, ile ya zamani inangoja VACUUM (usafishaji wa nakala zilizokwisha kazi). Ukisoma jedwali, mtu wako unamkuta kule nakala mpya ilikowekwa. SQLite kwa kawaida hufuata rowid (namba ya ndani ya kila rekodi), na `id` ya Django ndiyo hiyo hiyo rowid, basi ukaona kama kuna utaratibu.

Weka `.order_by('pk')`. Django yenyewe itajua ufunguo msingi wa modeli hiyo (darasa la msimbo linalowakilisha jedwali) ni safu gani, iwe `id` au namba ya chombo. Ukitaka wa mwisho aanze, `'-pk'`. Angalia tu: namba ya chombo ikihifadhiwa kama maandishi, 10 itatangulia 9.

Kipepeo254: Mambo mengi ya nini? `ordering = ['pk']` ndani ya Meta (sehemu ya mipangilio ya modeli), umemaliza.

FundiMalindi: Hapo kila ulizo la modeli hiyo litapangwa, hata lisilohitaji, na kupanga kuna gharama yake. Mimi napenda iandikwe pale inapotakiwa, anayesoma msimbo aione.

MwanaAmu: Shukran. Lakini `.first()`, inayotoa rekodi ya kwanza, mbona hainikosei?

FundiMalindi: Kwa sababu ukiiita bila mpangilio, inapanga kwa ufunguo msingi yenyewe. `.last()` vilevile, kinyumenyume.

BiShela: Mwanangu, hebu kwanza tuulize karani anatafuta nini. Anatafuta jina! Kumpangia kwa ufunguo ni kumpa namba asizozijua. Tena hiyo namba usiitegemee kama saa: PostgreSQL huitoa kabla muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja) haujakamilika, kwa hiyo wa 41 anaweza kuonekana baada ya wa 42, na muamala ukivunjika namba inapotea moja kwa moja. Siku mkihamia UUID (vitambulisho virefu) za bahati nasibu, ndiyo kabisa.

Andika `.order_by('jina', 'pk')`. Huku kwetu Mohamed Ali ni wangapi kwenye boti moja? Majina yakilingana, `pk` inaamua nani atangulie, na itaamua vivyo hivyo kila mara. Ukiigawa orodha kurasa bila hiyo `pk`, Mohamed mmoja aweza kutokea kurasa mbili na mwenzake asionekane popote. Kupanga kwa ufunguo peke yake mimi naona kunafaa kazi za nyuma ya pazia, kama kuhamisha rekodi fungu kwa fungu.

Kipepeo254: Bi Shela umenifunga mdomo 😂

MwanaAmu: Nimeweka jina na pk, karani ametulia. La mwisho: nahodha ana orodha yake ya viti, nami nina id za abiria kwenye `viti`, zikiwa zimepangwa hivyo. `filter(pk__in=viti)` inazivuruga.

BiShela: `pk__in` huchagua tu, haifuati mpangilio wa orodha uliyoipa. Chukua `d = Abiria.objects.in_bulk(viti)`, inayokupa kamusi ya kila id na abiria wake, halafu `[d[i] for i in viti if i in d]`. Hiyo `if` usiiache, maana abiria aliyefutwa hatakuwemo kwenye `d` na programu itaanguka.