MREJESHO: Majira na kipandauso changu

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kama vidonge vya majira (vya kuzuia mimba) vinaweza kuniletea kiharusi, maana kichwa kikitaka kuanza naona vimulimuli vya zigizaga upande mmoja. Nimeenda kliniki. Nesi kanipima presha, kisha akauliza: vimulimuli vinatangulia maumivu? Nikamwambia ndiyo, kama dakika 20. Akaweka kalamu chini. Akasema kipandauso cha aina hiyo hakiendani kabisa na vidonge vyenye homoni ya estrojeni kama vyangu, hatari ya kiharusi inapanda, hata kwa sisi tusiovuta sigara. Na kule nilikopewa mwanzo hawakuuliza chochote zaidi ya jina! Sasa nimewekewa kitanzi cha shaba cha kuzuia mimba, hakina homoni. Hedhi imekuwa nzito, pedi zinaniishia haraka, ila nalala bila hofu.