Fundi alikata kwa koleo uzi uliochomoza kwenye waya wa mkuku, akaniambia "tayari". Jumamosi waya umekatika!

Wakuu, naandika hiki kipande cha waya kikiwa mezani mbele yangu, na hasira haijaniisha hata kidogo.

Nina mashua ndogo ya tanga yenye mkuku wa kupandisha na kushusha. Mkuku wenyewe ni pande la chuma cha kusubu chini ya chombo, kilo 250 hivi, limeshikwa na pini moja upande wa mbele, na upande wa nyuma linaning'inia kwa waya wa milimita 5 unaopita kwenye kapi na kupanda hadi kwenye winchi. Waya ni huo mmoja. Hauna msaidizi. Ndiyo maana miezi minne iliyopita nilimlipa fundi aubadilishe wote pamoja na shakeli ya chini (pingu ya chuma yenye pini, inayounga waya na mkuku), tena bila kuombana bei.

Wiki ya pili tu nikachomwa kidole. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na kuchomoza karibu na winchi. Nikamwita. Alikuja, akatoa koleo, akakata ile ncha, akapangusa kwa kitambaa, akasema: "Tayari, sasa haitakuchoma." Nikamuuliza mbona waya mpya unakatika nyuzi, akanijibu waya zote huwa hivyo mwanzoni, zinazoea. Jamani, waya hauzoei! Uzi ukikatika umekatika, na mzigo wake unahamia kwa zilizobaki.

Jumamosi nilikuwa narudi, upepo mzuri, nimeshatua tanga, napandisha mkuku niingie maji mafupi. Nilikuwa nimezungusha winchi mizunguko kama ishirini. Ghafla mkono wa winchi ukawa mwepesi, halafu chini kukapiga kishindo ambacho nilikisikia kwenye meno. Mkuku wote umeshuka kwa mkupuo. Nilikuwa na mwanangu wa miaka tisa ndani ya chombo. Nilipofunua ubao wa sakafu, ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa na maji ambayo asubuhi hayakuwepo.

Kwa mkuku ulioshuka wote nisingeweza kuingia maji mafupi. Tulichofanya ni kupitisha kamba ndefu chini ya omo (mbele ya chombo), tukaiburuta mpaka ikashika ukingo wa mbele wa mkuku, ncha zote mbili tukazipeleka shetri, yaani nyuma, kwenye winchi za matanga, tukavuta kidogokidogo huku mwanangu akitoa maji kwa ndoo. Mkuku ukarudi nyuma ukapanda. Tukafunga kamba, tukaingia taratibu. Mwenye chombo cha aina hii aikumbuke njia hii, inaweza kumfaa usiku mmoja.

Sasa ngoja niwaeleze nilichokikuta. Huu waya una nyuzi 19 nene zilizosokotwa kuwa fungu moja. Huo ni waya wa kushikilia mlingoti! Ule unakaa umenyooka maisha yake yote, haupiti kwenye kapi. Waya wa kazi hii ni ule laini, mafungu 7, kila fungu nyuzi 19 nyembamba, jumla 133, kwa sababu unakunjwa kwenye kapi na kuviringwa kwenye winchi kila siku. Fundi alijisifu kwamba kaniwekea waya imara zaidi, na kwa kuvutwa moja kwa moja ni kweli una nguvu zaidi. Ukiukunja na kuunyoosha kwenye kapi dogo, unachoka na kukatika uzi baada ya uzi.

Nimezihesabu nyuzi kwenye mkato kwa miwani ya kukuzia. Nyuzi 11 ncha zake ni za kahawia, yaani zilikatika zamani. Nyuzi 8 tu ndizo zinang'aa. Nane ndizo zilikuwa zinaushikilia mkuku wa kilo 250 tukiwa majini huku mtoto amekaa hapo. Na katika zile 11, mmoja una ncha bapa, iliyobanwa pande mbili. Ni alama ya koleo lake.

Huko chini ndiko nilikochoka kabisa. Kitanzi cha waya wa chuma cha pua kisichoshika kutu kirahisi kimebanwa kwa kifungo cha shaba tupu. Shaba na chuma cha pua vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, shaba ndiyo inayoliwa, na kifungo kimeshakuwa kijani na chembamba. Shakeli niliyolipia? Ni ileile ya zamani, pini yake haikufungwa hata kwa waya mwembamba isijifungue.

Nilipompigia akasema nimeuachia mkuku ushuke kwa kasi. Sijawahi. Nashusha nikiwa nimeshika mkono wa winchi mzunguko kwa mzunguko, na waya ukilegea tu nasimama, kwa sababu najua mkuku ukinasa halafu ukaachia, unaanguka na kuusukasuka waya. Tangu nimjibu hivyo hapokei simu.

Nataka hela yangu ya waya, ya shakeli ambayo hakuiweka, na gharama ya kuziba ufa uliotokana na kile kishindo kwenye ala ya mkuku, yaani nafasi unamoingia ukipandishwa. Kipande nimekihifadhi, na picha za nyuzi zote 19 nimepiga. Mliowahi kumdai fundi wa namna hii mkalipwa, mlianzia wapi? Na kama una chombo cha mkuku wa waya, leo hii shuka ukatazame: nyuzi zako ni nene au nyembamba?